Shoka la Lameck

Fulana zilifika na basi dogo la Kosta, zimefungwa ndani ya mfuko wa saruji, na Restuta ndiye aliyepewa kazi ya kuwavalisha wazee. Walikuwa wamekaa kwenye benchi za kituo cha Gulwe tangu majogoo, wamejikunyata kwa upepo wa kipupwe, maana waliambiwa gari litafika alfajiri. Alfajiri gani! Jua lilikuwa limeshapanda juu ya milima ndipo dereva alipojikokota na gari lake, akashuka akipiga mswaki. Hakusalimia mtu.

Restuta akafungua mfuko. Mbele ya kila fulana ilibandikwa stika mpya: Mfuko wa Heshima kwa Wazee, Ziara ya Kuwaenzi Mashujaa. Akaigeuza ya kwanza ili amvalishe Mzee Ernest, akakutana macho kwa macho na mbuzi. Mbuzi mkubwa, mweupe, amechorwa mgongo mzima, na chini yake maneno mekundu: CHANJA MBUZI WAKO, LINDA MTAJI WAKO. Akachukua ya pili. Mbuzi. Ya tatu, mbuzi. Zilikuwa masalia ya kampeni ya chanjo ya mifugo, zimeokotwa stoo fulani huko mjini na kubandikwa stika, basi.

Mzee Ernest, ambaye mguu wake wa kulia haukunjiki tangu vita vya Kagera, alijipinda akasoma mgongo wa mwenzake aliyekuwa mbele.

"Mjukuu wangu," akamwambia Restuta, "leo tunakwenda kuenziwa au kuchanjwa?"

Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Restuta naye akacheka, lakini uso ulimwaka kwa aibu. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili kwenye huo Mfuko wa Heshima. Alikuwa na diploma ya ustawi wa jamii na cheo cha mfanyakazi wa kujitolea, yaani mtu anayefanya kazi zote za ofisi bila mshahara, halafu anashukuriwa kwa moyo wake. Mratibu wa Mfuko, Erick, alimwahidi kwamba ziara hii ikienda vizuri atapata mkataba. Kwa hiyo Restuta aliwavalisha wazee wale mbuzi wao, mmoja mmoja, akiwaomba radhi kimoyomoyo.

Wa mwisho kupanda gari alikuwa Mzee Yotham Chidosa. Mzee mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na masikio mazito. Ukitaka akusikie umpigie kelele upande wa kushoto. Alikumbatia kiroba kirefu kilichofungwa kwa kamba ya katani. Dereva akataka kukitupa nyuma, mzee akakikwepesha.

"Hiki nakipakata," alisema.

Huyu Mzee Yotham ndiye aliyekuwa kiini cha safari yote. Mwaka ule wa vita, yeye na mdogo wake Lameck walipandia treni hapahapa Gulwe, vijana wa mgambo waliokwisha kufundishwa kwata kwenye uwanja wa shule. Yotham alirudi. Lameck alilala ng'ambo ya mto Kagera, akazikwa huko mbali na wenzake, na Yotham, aliyekuwa hospitalini siku hiyo na masikio yanavuja damu, hakumtupia hata konzi moja ya udongo. Mama yao alikufa akiuliza, "Mlimlaza vizuri?" Kwenda Kagera kulihitaji nauli, nauli ilihitaji mavuno, na mavuno ya Ugogo mnayajua. Leo kesho, leo kesho, mpaka mvi zikamjaa.

Basi wiki mbili nyuma Restuta alimpigia simu akamwambia, kama alivyoagizwa na Erick: "Babu, wazee wote wamekuchagua wewe. Utaweka shoka kwenye mnara."

Kila mtu aliyewahi kutazama Siku ya Mashujaa kwenye televisheni anajua desturi hiyo. Wakubwa wanaweka mkuki na ngao, wengine wanaweka sime, wengine upinde na mshale, na wazee waliopigana wanaweka shoka. Mfuko ulikuwa umeandaa sherehe yake ndogo ya kufuatisha ile kubwa, na mgeni rasmi, na kamera. Mzee Yotham alihamishia simu sikio la kushoto, akataka aambiwe tena. Kisha mzee akauliza, "Nikiweka, naruhusiwa kumtaja Lameck?" Restuta akasema, "Mtaje, babu. Ni haki yako." Akamwahidi. Kwa kinywa chake.

Kosta ilikuwa imeshaipita Mbande ndipo Mzee Yotham alipofungua kile kiroba ili amwonyeshe. Restuta akainama atazame.

Lilikuwa shoka. Shoka lenyewe, la kukatia miti, chuma cheusi kilicholiwa na miaka, makali yamenolewa kwa tupa mpaka yanameta. Mpini ulikuwa mpya, umechongwa ukalainishwa, unanukia mafuta ya alizeti.

"La Lameck hili," mzee alisema. "Aliliacha nyuma ya mlango siku tuliyoondoka. Mpini nimebadili mara nyingi tu, chuma ndicho kilekile. Uliponiambia nitaweka shoka, nikasema kumbe Mungu yupo. Nitaweka lipi lingine?"

Hapo Restuta akaliona kosa, na kosa lenyewe halikuwa la mzee. Nani alimweleza kwamba shoka la sherehe ni la kupakwa rangi ya fedha, linatoka kwenye boksi na kurudi kwenye boksi? Mtu akikwambia njoo uweke shoka, unakwenda na shoka. Kwa watu wa Gulwe Kiswahili ndivyo kilivyo.

Akampigia Erick. Upande wa pili kulikuwa na muziki na watu wanaojaribu vipaza sauti.

"Kaka Erick, Mzee Yotham amekuja na shoka lake. La kweli. La marehemu mdogo wake. Naomba uongee na watu wa usalama mapema..."

"Poa, sista, poa. Fulana zimewatosha?"

"Kaka, shoka..."

"Nimekuelewa, dia. Tutaongea mkifika." Simu ikakatwa.

Restuta akamwinamia mzee sikio la kushoto. "Babu, tukifika utaliacha kwanza garini. Nitakuja kulichukua nikishawaambia wenyewe. Sawa?"

"Wewe ndiye mwenyeji," mzee alijibu, akakifunga kiroba taratibu.

Buigiri wakasimamishwa. Trafiki alikuwa amesimama katikati ya lami, kanyoosha mkono. Kuna msafara unapita, alisema, zimeni injini. Wakazima. Msafara hauonekani. Jua likaanza kuchoma bati la gari. Wazee wale wana vibofu vya wazee, na walikuwa wametoka Gulwe na chai tupu tumboni. Mzee Ernest akaomba kushuka ajisaidie. Restuta akamfungulia mlango, na mguu mkavu wa mzee haujagusa chini trafiki akapaza sauti.

"Wewe mama! Nani kakwambia ushushe watu? Rudisha huyo ndani!"

"Afande, samahani. Ni mzee, anataka haja ndogo tu."

"Ajibane. Msafara huu, siyo gulio."

Restuta akatabasamu. Alikuwa na tabasamu la namna hiyo, la kuombea radhi, na siku hiyo alilitumia mpaka mashavu yakamuuma. Akamrudisha Mzee Ernest kitini. Msafara ukapita baadaye sana, magari meusi yamefunga vioo, vuu, vuu, vuu, wala hakuna aliyegeuza shingo kutazama Kosta. Gari lilipowashwa tena, Restuta aliona kitambaa cha kiti cha Mzee Ernest kimelowa, na mzee amegeukia dirishani, anatazama mashamba makavu kana kwamba anayahesabia mbegu. Restuta akavua kitenge chake cha kujifunika akamwekea mapajani.

Mjini nako hakukuwa na heri. Barabara ya kwenda mnarani ilifungwa, dereva akasimama pembeni mwa soko la Majengo akasema mwisho wa gari ni hapo.

"Mshuke na mizigo yenu yote. Mimi nina abiria wengine wa kwenda Kondoa."

"Kondoa? Si umekodiwa siku nzima?"

"Muulize bosi wako. Nimelipwa ya kuleta. Ya kurudisha mtaletewa gari jingine."

"Kuna mzigo wa huyu mzee, naomba ubaki nao..."

"Dada, mimi siyo stoo."

Kwa hiyo shoka likashuka, likaenda sokoni. Wazee wale wakapita katikati ya Majengo, kati ya magunia ya mtama na matenga ya nyanya, wamefuatana kama watoto wa shule, mbuzi mgongoni. Muuza karanga mmoja akamshika Restuta mkono, kwa nia njema kabisa: "Dada, hiyo chanjo ni bure? Nina mbuzi wanne kule Nala." Restuta akasema hajui.

Mbele kidogo pakazuka purukushani. Vijana wenye sare za khaki na virungu walikuwa wanaondoa watu kandokando ya barabara kwa ajili ya mgeni rasmi. Mmoja akapiga teke beseni la mama mmoja, nyanya zikabiringika mpaka miguuni kwa Mzee Yotham. Mzee akasimama.

"Hao ni nani?"

"Mgambo, babu. Twende."

"Nani?"

"Mgambo!" Restuta alimkemea sikioni bila kutaka.

Mzee Yotham akawatazama wale vijana, halafu yule mama aliyekuwa anakusanya nyanya zilizopasuka huku akiapiza. Akainama akaokota mbili tatu zilizo nzima, akamrudishia. "Pole, mama," alisema. Mama yule hakumtazama.

Kwenye lango la uwanja wa mnara palikuwa na foleni na mashine ya kukagua. Restuta alimwona Erick kwa mbali, suti ya bluu, kifaa sikioni, akampungia mkono kwa nguvu zote. Erick naye akampungia, akageuka, akaendelea kupanga viti. Restuta akawaambia wazee wasubiri, akaanza kujipenyeza ili amfikie. Alikuwa amefika kwenye turubai la kwanza aliposikia mashine inalia.

Aligeuka. Kiroba kilikuwa kimeshafunguliwa na mzee mwenyewe, kwa adabu, ili waone kilichomo. Afande mmoja mnene alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa, mkono uko kiunoni kwenye bastola, macho yamemtoka.

"Weka chini!" alipiga kelele. "Weka chini! Weka chini sasa hivi!"

Ole wao! Mzee Yotham siku hiyo alisikia vizuri kuliko siku zote. Alimwona askari mwenye sare, amesimama mbele ya mnara, anatoa amri kwa sauti ya kijeshi: weka chini. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa saa yenyewe. Akavuta pumzi, akapiga hatua moja mbele, akapiga goti, akaliweka shoka la Lameck juu ya zege, kando ya mtaro, taratibu kama mtu anayemlaza mtoto asiamke. Akasimama. Akakutanisha visigino, akapiga saluti, mkono kwenye kipaji cha uso.

"Lameck Chidosa," alisema kwa sauti kubwa, sauti ya viziwi. "Mdogo wangu. Shoka lako hili nimekuletea. Mama alikuulizia mpaka mwisho. Lala sasa..."

Hakumaliza. Watu wawili waliovaa kiraia walimrukia kwa nyuma wakamlaza kifudifudi, goti limekandamiza mbuzi katikati ya mgongo. Shoka likapigwa teke, likagonga nguzo ya chuma. Watu wakapiga mayowe. Na simu, lo, simu zikanyooka juu kila upande. Hakuna mkono hata mmoja ulionyooka kumwinua mzee.

Restuta alirudi mbio, akafika, na maneno yaliyomtoka ni yaleyale: "Afande, samahani. Afande, samahani jamani, ni mgeni wetu!"

Wakamwingiza mzee kwenye hema dogo nyuma ya jukwaa, wakamkalisha juu ya kreti la soda. Mdomo ulikuwa umechanika. Restuta akachuchumaa pembeni akimfuta kwa ncha ya blauzi yake. Yule afande mnene akatoa karatasi.

"Eti mzee. Unakuja kwa mgeni rasmi na shoka?"

"Niliambiwa niweke shoka. Nimeweka."

"Wewe ni askari mstaafu?"

"Nilipigana."

"Sijakuuliza kupigana. Hata walevi wanapigana. Kikosi gani?"

"Mgambo," mzee alisema, na akainua kidevu.

Afande akamtazama mwenzake. Wakaangua kicheko. "Mgambo! Mgambo wa kufukuza wamachinga? Mzee, ulimpiga Amini kwa kumwaga nyanya zake?"

Mwenzake alicheka mpaka akashika mti wa hema. Mzee Yotham hakusikia vizuri, akamtazama Restuta amtafsirie. Restuta akainamisha uso.

"Namba yako ya jeshi?"

"Sina. Bunduki tulipewa, namba hatukupewa."

"Basi wewe siyo askari mstaafu. Mwaliko wa leo unasema askari wastaafu. Kwa hiyo hapa umeingia kinyume." Akaandika. "Na hilo shoka linabaki, ni kielelezo. Likihitajika mje na barua ya mtendaji wa kijiji."

Erick akaingia kama upepo. Hakumtazama mzee kabisa.

"Restuta! Umeniharibia shughuli! Mgeni rasmi ameuliza kuna nini."

"Nilikupigia simu, kaka. Nilikwambia."

"Ulinipigia nikiwa bize! Mtu akiwa bize unamwandikia meseji." Akajipapasa tai. "Huyu abaki humu mpaka tumalize. Shoka ataweka mwenyekiti."

Mwenyekiti wa Mfuko aliitwa Optatus. Mtu wa makamo, mnene wa raha, mwenye pete mbili, ambaye mwaka wa vita alikuwa darasa la tatu. Ndani ya hema hawakumwona, ila vipaza sauti vilikuwa vimeelekezwa hukohuko. Wakamsikia mshereheshaji akimwita mwakilishi wa wazee wetu mashujaa. Tarumbeta ikalia. Makofi. Kisha sauti ya Optatus, laini, imeshiba.

"Sisi tuliomwaga damu kwa ajili ya taifa hili..."

Restuta akatoka nje ya hema, akatema mate kwenye nyasi, akarudi.

"Nani huyo anayesema?" Mzee Yotham aliuliza.

"Mwenyekiti wa Mfuko, babu."

"Alikuwa kikosi gani?"

"Hakuwa kikosi chochote."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Makofi amepigiwa mengi," alisema.

Sherehe ikaisha, mgeni rasmi akaondoka, msafara ukalia ving'ora. Wazee wengine wakaletewa wali kwenye vibakuli vya karatasi, wakala wamesimama kwa sababu viti vilikuwa vya kukodi na wenye viti walishaanza kuvikusanya. Na hapo ndipo Erick aliporudi hemani, lakini siyo Erick yule wa mwanzo. Huyu alikuwa mtamu kama zabibu za Hombolo.

"Babu yangu, shikamoo!"

Hiyo ndiyo shikamoo ya kwanza aliyoitoa tangu asubuhi.

"Marahaba," mzee alijibu.

Restuta akaelewa mara moja. Simu ya Erick ilikuwa inatetemeka mfululizo mkononi mwake. Video ilikuwa imeshazunguka mji mzima na kwingineko: mzee wa fulana ya mbuzi anapiga saluti, anataja mdogo wake, anarukiwa. Watu walikuwa wanatukana. Wengine walikuwa wanauliza Mfuko huu ni wa nani, na fedha zake zinatoka wapi.

"Babu, kumetokea bahati mbaya ndogo," Erick alisema, akichuchumaa kwa uangalifu suruali isiguse vumbi. "Sasa tunataka tukupe heshima yako. Tutakupeleka mnarani sasa hivi, mimi na wewe. Tutakupa shoka zuri, lile la fedha. Utaliweka, utamtaja ndugu yako, halafu utasema tu kwamba unaushukuru Mfuko. Kijana wangu atapiga video. Dakika mbili."

Restuta akamrudia mzee maneno yale sikioni. Mzee Yotham akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie asante," alisema. "Lakini nimeshaweka."

"Ile haikuhesabika, babu," Erick akasema. "Ilikuwa getini pale, tena kwa fujo. Turudie vizuri."

"Askari aliniamuru niweke chini, nikaweka. Nikamtaja kwa jina lake. Alikuwa ananisubiri miaka yote hii." Mzee akafuta mdomo kwa kiganja, akaangalia damu. "Maziko hayarudiwi, mwanangu. Mtu akishalazwa, amelazwa."

Erick akasimama. Utamu ukamtoka. "Shukrani ya punda mateke. Tumewasafirisha, tumewavisha, tumewalisha." Akamvuta Restuta pembeni, akashusha sauti. "Sista, huyu anakusikiliza wewe. Mkataba wako uko mezani kwangu, haujasainiwa. Niletee hiyo video."

Na Restuta, Mungu amsamehe, alikwenda. Alimwendea mzee, akainama upande wa kushoto, akalivaa tabasamu lake. "Babu, ni dakika mbili tu. Weka tu, sema tu asante..."

Mzee Yotham alimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama alivyowatazama wale vijana wa khaki kule Majengo, kisha akamwambia kwa upole, "Pole, mama."

Tabasamu lilimganda Restuta usoni, hakujua alipeleke wapi.

Mzee akainuka kwenye kreti, akatoka hemani, akaelekea langoni. Mzee Ernest alipomwona akaacha bakuli lake la wali akamfuata akiburuta mguu. Restuta akawafuata wote wawili.

Mashine ya kukagua ilikuwa imeshaondolewa. Yule afande mnene alikuwa amesimama palepale, kando ya mtaro, anakula karanga za maganda. Anatafuna, anatema maganda chini, anaangalia magari. Buti la kushoto lilikuwa juu ya zege, mahali hasa goti la mzee lilipokuwa asubuhi.

"Mwanangu," Mzee Yotham alisema, "naomba usogee kidogo. Hapo ulipokanyaga ndipo nilipomlaza mdogo wangu."

Afande akamtazama juu mpaka chini. "Mzee, hivi wewe huchoki? Mimi niko lindoni." Akatema ganda. Likaangukia kwenye kiatu cha mzee.

"Sogea," alisema Restuta.

"Unasemaje?"

"Nimesema ondoa buti lako hapo."

Neno samahani halikuja. Alilingoja mwenyewe, halikuja. Afande akamsogezea uso, akamuuliza kama anajua anaongea na nani. Huko nyuma Kosta nyingine ilikuwa imefika inapiga honi, na Erick anamwita kwa jina, mara ya kwanza kwa ukali, mara ya pili kwa kumbembeleza, mara ya tatu akimwambia kwamba akisimama hapo dakika moja zaidi, Jumatatu asihangaike kuja ofisini.

Restuta akapiga magoti kwenye zege. Akaanza kuokota maganda ya karanga, anayatia kwenye kiganja. Mzee Ernest akashikilia nguzo, akaunyoosha mguu wake mkavu pembeni, akashuka naye mpaka chini kwa maumivu, akawa anapuliza vumbi. Waliokuwa wanatoka uwanjani wakapunguza mwendo. Mzee Yotham alisimama wima katikati yao, mikono ubavuni, kama mtu aliye kwenye gwaride.

Afande alitazama kulia, akatazama kushoto, akamtafuta mkubwa wake, hakumwona. Akalikaza buti palepale. Restuta akafagia kwa kiganja pande zote, akafika kwenye soli, akaacha mkono wake hapohapo, akasubiri.